Ziara ya Kalenga na Tosamaganga: hospitali tuliipita bila kushuka

Mwezi uliopita nililipia ziara ya nusu siku kutoka Iringa mjini kwenda Kalenga na Tosamaganga, shilingi 45,000 kwa kila mtu pamoja na usafiri, nikiwa na mpwa wangu wa kidato cha tatu. Gari lilifika kwa wakati, na kijana aliyetuongoza anaijua Kalenga barabara: alitueleza kwa ufasaha jinsi ngome ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe, ilivyotekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, na tulipofika mbele ya fuvu la mtemi huyo lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 alinyamaza kwa muda, jambo lililonigusa.

Upungufu ulianza Tosamaganga. Kanisa tulilitazama kwa nafasi, lakini hospitali, ambayo wengi wetu tunaiita Ipamba, tulionyeshwa kupitia dirisha la gari na kuambiwa kwamba ni ya Wajerumani. Wabenediktini kutoka Ujerumani ndio walioanzisha misheni hiyo mwishoni mwa karne ya 19. Hata hivyo, Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa, na mwaka 1919 wakaingia Wamisionari wa Konsolata, shirika lililoanzishwa na Padri Giuseppe Allamano huko Turin, Italia, mwaka 1901. Hospitali tunayoiona leo imetokana na kazi ya hawa Waitaliano, kisha ikawa ya Jimbo Katoliki la Iringa, na kwa miaka mingi madaktari wa shirika la CUAMM la mjini Padova wamefanya kazi humo bega kwa bega na madaktari wetu.

Mpwa wangu aliuliza swali zuri: kama hospitali ni ya kanisa, kwa nini watu wanaiita ya wilaya? Mwongozaji hakuwa na jibu, ilhali hapo ndipo penye kiini cha historia yenyewe. Ilifanywa hospitali teule, maana yake serikali, badala ya kujenga nyingine jirani, ilikubaliana na kanisa kwamba majengo yabaki mali ya jimbo, nayo ichangie mishahara na ruzuku ili wananchi wote wa wilaya, wa dini yoyote, watibiwe hapo. Wadogo zangu wawili walizaliwa humo kwa mpango huo, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuuliza padri ni nani.

Sipendekezi wageni wapitishwe wodini. Wagonjwa wanahitaji utulivu na heshima yao. Dakika 20 nje ya geti, mwongozaji akiwa amejiandaa, zingetosha kabisa.

Kwa Kalenga pekee ziara hii inastahili bei yake, na ningempeleka mgeni yeyote. Jioni ile nilimpigia mwenye kampuni. Alinisikiliza bila kunikatiza, akaniomba nimwandikie maelezo ya hospitali katika ukurasa mmoja, nami nimeshampelekea.