Duka la mikeka njia ya Konde: kazi ya mkono wa marehemu na ya wanawe

Mkeka nilioununua kwa marehemu bibi wa mikeka wa njia ya Konde, Pemba, miaka 11 iliyopita ninao hadi leo, na haujafumuka mshono hata mahali pamoja. Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaoniuliza habari za duka lake tangu afariki huwa na swali moja tu: wanawe wanaiweza kazi ya mama yao? Nilivuka kwenda Pemba baada ya arobaini yake, nikashinda pale barazani siku mbili, nikanunua mikeka miwili, misala mitatu ya kusalia na kawa moja ya kufunikia chakula, kwa hiyo ninayoyaeleza ni yale niliyoyaona na kuyashika.

Duka lenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba yao, kijijini, kando ya barabara iendayo Konde, wala halina kibao. Anayetoka Chake Chake apande gari ya Konde na amwambie utingo amshushe kwa bibi wa mikeka. Utingo niliyemwambia hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mungu amrehemu," na gari nzima ikaitikia amina.

Ukiingia, majamvi ya miyaa, mikeka ya kuanikia, yamerundikwa karibu na mlango, kwa kuwa ndiyo yanayotoka zaidi msimu wa karafuu. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba, na karafuu iliyoanikwa juu ya jamvi hukauka safi, bila mchanga wala harufu ya lami; ndiyo maana wakulima hukatazwa kuanika barabarani. Majamvi ya hapa ni mazito na yameshonwa mara mbili pindoni. Sina la kuongeza juu yake, kwani yana kazi moja na yanaifanya vizuri.

Mikeka ndiyo yenye habari, na habari yake haisimuliki bila ya mwenyewe. Marehemu alikuwa mkulima wa muhogo kama majirani zake, akichuma na kuchambua karafuu msimu ukifika, na kusuka alikusuka usiku na katika kila mwanya wa mchana. Hata akienda harusini au matangani, ukili, ule msuko mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, ulikuwa kwapani. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Aliwahi kunisimulia kwamba mkono huo ulikatazwa chuoni kwa Kurani na ukakatazwa sahanini, lakini kwenye ukindu, majani ya kusukia, hakuna aliyeukataza, basi huko ndiko alikouacha ufanye utakavyo. Kwa sababu hiyo kazi yake inajulikana hata leo: kila alipoongeza uchane mpya, yaani ukanda wa jani, ncha yake ililala upande usiotumiwa na wasusi wengine. Binti yake mkubwa aliugeuza mkeka mmoja chini juu, akapitisha kidole gumba taratibu juu ya ukili, akaniambia, "Huu wa mama huu, tizama ncha zake. Na hapa ndipo alipoumwa, nikaendelea mie." Nilitazama, na kweli, katikati ya ukili mmoja ncha zilihama upande, bila ya pengo wala kulegea. Kwa upande wa juu usingejua kitu.

Wasusi wengi hufuata milia waliyoirithi, na mikeka yao ni mizuri. Yeye alikuwa akikitazama kitu, akakaa nacho siku kadhaa, kisha kikatokea kwenye ukili. Mkeka wake uliopendwa kuliko yote aliutoa kwenye karafuu inayoanikwa: ukili wa kwanza ni wa kijani chenye wekundu kidogo, kama karafuu iliyotoka mtini, unaofuata umefifia, mwingine umeiva, mpaka kufikia pindo la pili rangi imekuwa ya hudhurungi iliyokolea, kama karafuu iliyopata jua la siku nne au tano. Mtu wa Pemba akiuona haelezwi. Nilimuuliza zamani alijuaje kuzipanga rangi zile, naye akanijibu kwamba alikuwa akichukua karafuu chache kila jioni kutoka jamvini, akaziweka juu ya chane alizokwisha kuzichemsha, na rangi isiyolingana aliirudisha chunguni. Hayo ni maarifa ya mtu aliyefanya majaribio kwa miezi, na kijijini kwao hakuna aliyempa cheo chochote kwa hayo ila mapenzi, na mapenzi aliyapata tele.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, naye alitoka shamba, kule Fumba, akauza vyungu mjini kabla ya sauti yake kurekodiwa Bombay mwaka 1928, na kwa sahani zile za santuri tunamsikia mpaka leo. Lakini vyungu vyake nani anavyo? Namfikiria kila ninapowafikiria wanawake wa aina ya marehemu huyu, kwa sababu kazi yao hukaliwa, hulaliwa, husaliwa, na mwisho huchakaa pamoja na walioifaidi. Nilihuzunika sana mwaka jana nilipoukuta mkeka wa karafuu katika duka moja la Mji Mkongwe, bei yake mara tatu ya ile ya kijijini, na muuzaji akaniambia kwamba umetoka bara. Niliugeuza nikamwonyesha ncha. Alinijibu kwa adabu kwamba wateja hawaulizi. Basi nawaomba wasomaji waulize, tena wageuze mkeka kabla ya kulipa.

Sasa nijibu lile swali. Wanawe wanaiweza kazi, na katika kushona nadhani binti mdogo amempita mama yake. Nilichukua mkeka wake mpya nikausimamisha mlangoni penye jua: mwanga haukupita baina ya ukili na ukili, na nilipoukunja kwa nguvu ulijinyoosha wenyewe. Shazia, sindano ya kushonea mikeka, anaisukuma kwa mwendo mmoja, bila kurudia tundu, na wanawe wote watatu bado wanapima kwa pima ya mikono miwili iliyonyooshwa, si kwa futi, jambo linaloufanya mkeka wa yule dada mwenye kimo kirefu uwe na faida kidogo kwa mnunuzi. Kawa niliyonunua imekaa sawasawa juu ya sinia, na nilipoituma kwa jirani ikiwa imefunika futari ya sunna, ilirudi na maombi ya mbili nyingine.

Upungufu uko kwenye rangi, na ni lazima niuseme. Msala mmoja kati ya mitatu, ule wa zambarau, ulichuja ulipopata unyevu wa udhu na ukaacha madoa kwenye kanzu ya mume wangu, magotini. Marehemu hakuwa akiutoa ukindu chunguni mpaka maji yabaki meupe, na alikuwa akitia chumvi na ndimu. Wanawe, kwa kuwa maagizo yamewazidi, wameanza kuzitoa chane mapema. Nilipompigia simu binti mkubwa hakubishana. Alisema, "Dada yangu, hilo ni kosa letu, mama asingelikubali litoke," na msala wa badala ulinifikia kwa boti wiki ile ile, nao nimeumwagia maji kwa makusudi na haukuchuja. Pamoja na hayo, kwa sasa ningechagua rangi za hudhurungi, ambazo bado wanazitoa kwenye magome ya mkandaa kama alivyowafundisha, na zambarau ningeiacha kwanza.

Ukutani, juu ya mlango wa ndani, umetundikwa ukili uliovingirishwa, wa pima 14, ambao marehemu aliusuka katika miezi yake ya mwisho bila kumwambia mtu ni wa nini. Una rangi nne ambazo sikuwahi kuziona zikikaa pamoja katika kazi yake. Hauuzwi, wala wanawe hawataki kuushona kwa sababu hawajui alikusudia uanzie upande upi. Mgeni akiomba ateremshiwe hupewa aushike, kisha hurudishwa mahali pake.

Mkeka wa watu wawili nililipia shilingi 70,000, na msala 20,000; sikuomba kupunguziwa na sioni sababu ya mtu kuomba. Mchana wa Ijumaa hufungwa mpaka baada ya sala. Anayetaka misala kwa ajili ya Ramadhani aagize tangu Rajabu, kwa maana ikiingia Shaabani wanakataa maagizo mapya, na ndivyo mama yao alivyokuwa akifanya.