Uzoefu wangu na MASON: ratiba ya sehemu zilizomo ndani ya nyingine

Natumia MASON, maktaba ya programu (mkusanyiko wa msimbo ulio tayari kutumika) ya lugha ya Java, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani na kutolewa mwaka 2003, kuandika uigaji wa kompyuta wa kuenea kwa maradhi ambamo wilaya ina kaya, kaya ina watu, na kila ngazi ina kazi zake. Nitazungumzia ratiba peke yake, yaani orodha ya nani atatenda lini, kwa sababu katika mwigo wa ngazi nyingi hapo ndipo matokeo hunyooka au hupotoka.

Katika Swarm, programu ya uigaji iliyoanzia Taasisi ya Santa Fe miaka ya 1990, kila kundi lilikuwa na ratiba yake iliyopachikwa ndani ya ratiba ya kundi lililolizunguka. MASON ina ratiba moja kwa mwigo mzima. Wakala yeyote, yaani sehemu yoyote ya mwigo yenye kazi iitwayo step ya kutenda zamu yake ifikapo, huandikishwa humo kwa wakati fulani na namba ya zamu. Wakati ukiwa mmoja, namba ndogo hutangulia, na wenye namba sawa huchanganywa kwa nasibu. Ni utaratibu mwepesi kuelewa, nami naupenda.

Uamuzi unaobaki kwa mwandishi ni huu: kila mtu aandikishwe kivyake, au iandikishwe kaya, nayo iwaite watu wake kwa kutumia RandomSequence, chombo cha MASON kinachowaita waliomo mmoja mmoja kwa mpangilio wa nasibu? Njia hizi mbili zinafanana kwa mbali tu. Nilichapisha mfuatano wa kaya mbili, A na B, zenye watu watatu kila moja. Zilipoandikishwa kaya, nilipata A2, A3, A1, kisha B1, B3, B2, bila kaya yoyote kuingiliwa. Walipoandikishwa watu, nilipata B3, A1, A2, B1, A3, B2. Ikiwa hali ya mtu hubadilika papo hapo anapoambukizwa, basi kwa njia ya kuandikisha kaya ugonjwa unaweza kuipitia kaya nzima ndani ya hatua moja kabla jirani hajapata zamu. Hiyo tayari ni dhana kuhusu maradhi yenyewe, na inapasa itajwe waziwazi katika maelezo ya mwigo.

Kuondoa sehemu ni rahisi zaidi kaya inapoandikishwa, kwani unasimamisha Stoppable moja (kishikio ambacho ratiba hukupa cha kusitisha kazi iliyoandikishwa) na wote waliomo wananyamaza. Wakiandikishwa watu, lazima utunze Stoppable ya kila mmoja, la sivyo ratiba itaendelea kumwita mtu ambaye kaya yake haipo tena. Jihadhari pia usimwache mtu katika ratiba na katika RandomSequence kwa pamoja, kwa maana ataitwa mara mbili kila hatua, na hakuna onyo litakalotokea.

Panapohitaji uangalifu mkubwa kuliko pote ni pale ambapo sehemu ya ndani huenda kwa kasi tofauti na ile inayoibeba. RandomSequence haiwezi kukusaidia hapo, kwa kuwa huwaita wote kwa mwendo wa sehemu inayowabeba. Inabidi sehemu ya ndani iandikishwe yenyewe kwa kipindi kifupi zaidi. Muda katika MASON ni namba ya desimali ya aina ya double, na 0.1 haiwezi kuhifadhiwa humo kwa ukamilifu: ukianzia 0.0 na kujumlisha 0.1 mara kumi, unapata 0.9999999999999999. Kwa hiyo mtu uliyetaka atende baada ya kaya yake katika wakati 1.0 atatenda kabla yake, hata namba yake ya zamu iwe kubwa kiasi gani, maana kwa ratiba, hizo ni nyakati mbili tofauti. Mimi hutumia vipindi vya 0.25 au 0.125, ambavyo double huvihifadhi bila kupunguza chochote, na zamu hukutana pale nilipozipanga.

Kwa anayejua Java na anayetaka kuona mwenyewe nani hutangulia nani, ninaipendekeza maktaba hii kwa moyo wote. Anayetarajia programu ielewe yenyewe kwamba kaya inabeba watu atalazimika kuuandika uhusiano huo kwa mkono wake.