Siku moja Foshan: nilikwenda kumtafuta stelingi, nikakutana na wafanyabiashara wenzangu

Mwenye kiwanda aliponiambia mzigo bado siku mbili, kwa mara ya kwanza sikugomba. Hii ni safari yangu ya sita Guangzhou, na sijawahi kuona kitu zaidi ya hoteli ya Xiaobei, masoko ya jumla na ghala la ajenti. Nikasema potelea mbali, kesho naenda Foshan, mji wa jirani. Nikalipa yuan 380 kwa kampuni ndogo inayotembeza wageni, ziara ya siku nzima ya historia ya kungfu, mimi na kiongozi tu. Naandika kwa wenzangu wa Kariakoo wanaokwama kama nilivyokwama, na kwa yeyote aliyekulia kibanda umiza.

Maana mimi nimekulia humo. Benchi la mbao, pazia jeusi mlangoni, mkanda uliokwaruzika, na kanuni moja isiyovunjwa: stelingi hafi. Hao mastelingi wawili wakubwa, Wong Fei-hung na Ip Man, kumbe walikuwa watu kweli, na wote ni wa Foshan. Nilikuwa sijui.

Kiongozi alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa hapo hapo, mwenye Kiingereza cha taratibu kinachoeleweka. Nilimwita mwalimu, akafurahi. Tulipanda treni ya chini ya ardhi mpaka kituo cha Zumiao, ukitoka nje tu hekalu hilo hapo. Kiingilio yuan 20. Hekalu ni la Mfalme wa Kaskazini, mungu wa maji. Chimbuko lake ni enzi ya Song, kati ya 1078 na 1085, kisha likajengwa upya 1372. Nikauliza kwa nini mungu wa maji. Mwalimu akasema mafuriko. Halafu akaongeza kwamba Foshan ulikuwa mji wa matanuri: vyungu na chuma. Makarai ya Foshan yalipikiwa China nzima, na mizinga pia ilisubiwa hapa. Mji unaolala na moto kumtegemea mungu wa maji, hiyo nikaielewa bila kufafanuliwa.

Hapo ndipo ziara ilipoanza kunoga, kwa sababu mama huyu hakuanza na ngumi. Alianza na soko. Foshan ilikuwa miongoni mwa miji minne mikubwa ya biashara China wakati wa tawala za kifalme za Ming na Qing. Penye bidhaa pana vibarua, pana vyama vya mafundi, pana ugomvi wa mitaa, pana mwenye duka anayetaka mlinzi. Kungfu ya kusini ilikulia humo, si mlimani kwenye ukungu kama mkanda ulivyotufundisha.

Ndani ya hekalu kuna jukwaa la opera la mwaka 1658. Usilipite haraka. Vikundi vya opera ya Kikantoni vilisafiri mitoni kwa majahazi yaliyopakwa rangi nyekundu, na waigizaji wake walijifunza kupigana kwa sababu jukwaani walipigana. Mwaka 1854 mwigizaji mmoja, Li Wenmao, aliwaongoza wenzake kwenye uasi dhidi ya serikali ya Qing. Wakashindwa, jengo la chama chao hapa Foshan likabomolewa, na opera yao ikapigwa marufuku kwa miaka. Wazee wa Wing Chun, mtindo wa kungfu ya kusini aliokuwa akiufundisha Ip Man, husimulia kwamba mtindo wao ulipitia majahazini humo, na fimbo yao ndefu wanasema asili yake ni upondo wa kusukumia chombo. Mwalimu alisema neno "wanasema" kwa mkazo. Alifanya hivyo siku nzima, na kwangu hiyo peke yake ilistahili nusu ya yuan 380.

Kwa mfano ile hadithi ya mtawa wa kike aliyenusurika hekalu la Shaolin lilipochomwa, akamfundisha binti aitwaye Wing-chun. Alinisimulia yote, vizuri, kisha akaniambia kisa cha hekalu kuchomwa na watawa watano kuokoka kilikuwa hadithi ya viapo ya vyama vya siri vilivyotaka kuiangusha Qing. Kila mwanachama mpya aliisikia. Shule za kungfu nazo zikaichukua. Watu wanaoanza kushikika bila utata ni hawa: Leung Jan, tabibu mwenye duka la dawa Foshan, na mwanafunzi wake Chan Wah-shun, ambaye kazi yake ilikuwa kubadilisha fedha mtaani. Nilicheka peke yangu. Miaka yote nimewaza mabingwa wenye ndevu nyeupe, kumbe ukoo wa kungfu wa Ip Man unapitia kwa mchenji wa pesa!

Kumbi za makumbusho za hao wawili zimo humo humo ndani ya eneo la hekalu. Ya Wong Fei-hung ina uwanja wa ngoma ya simba, wachezaji wakiwa ndani ya vazi la simba, na simba wale wanaruka juu ya vigingi mpaka unashika roho. Ila kilichonikaa ni maisha yenyewe. Alizaliwa 1847, baba yake akimtembeza mitaani kucheza ngumi ili wauze dawa. Ukubwani akawa muunga mifupa, na zahanati yake Guangzhou, Po Chi Lam, iliungua 1924 katika mapigano ya wanamgambo wa wafanyabiashara na serikali. Akafa mwaka uliofuata, fukara. Umaarufu ulikuja baadaye: riwaya za magazetini, halafu kuanzia 1949 filamu za Hong Kong, mwigizaji mmoja, Kwan Tak-hing, akimwigiza mara zaidi ya 70. Huyo ndiye tuliyemjua sisi. Wong mwenyewe hakuiona hata senti.

Ip Man naye, aliyezaliwa 1893, hakupambana ulingoni na jenerali wa Kijapani. Samahani kwa ninaowaharibia. Alikuwa mtoto wa tajiri, akawa polisi upande wa Chama cha Kuomintang, na Wakomunisti walipoingia akakimbilia Hong Kong. Huko, karibu na umri wa miaka 60, mfukoni hana kitu, akaanza kufundisha wafanyakazi wa mikahawa kwa ada. Baadaye akaja kijana Bruce Lee.

Kwenye chakula nikamuuliza habari za Bodhidharma, mtawa wa Kibuddha anayesimuliwa kuwa alitoka India, kwamba yeye ndiye aliyewafundisha watawa wa Shaolin ngumi. Akanitajia mwanahistoria Tang Hao, ambaye mwaka 1930 alichapa uchunguzi wake na kuonyesha kwamba hakuna ushahidi. Kitabu cha mazoezi wanachomsingizia ni cha karne ya 17, kikajipachika utangulizi wa karne ya 7. Kilicho cha kweli ni jiwe la mwaka 728 lililopo Shaolin, linaloeleza jinsi watawa walivyomsaidia Li Shimin, aliyekuja kuwa mfalme wa China, vitani mwaka 621. Na walipokuja kusifiwa sana, enzi ya Ming, ilikuwa kwa fimbo. Ngumi ilifuata baadaye.

Sasa lawama. Tangazo liliahidi saa nzima ya kujifunza kwa mwalimu wa Wing Chun. Nilipata dakika 15 mbele ya ule mti wa mazoezi wenye mikono mitatu na mguu mmoja, na kijana aliyenifundisha alikuwa anaangalia simu. Nguo za kupigia picha zinalipiwa kando, hilo halikuandikwa popote. Kisha tukapelekwa duka la dawa, na humo ndimo saa yangu ilimoishia. Mwalimu mwenyewe alionekana kuona haya, nadhani kampuni inakula kamisheni. Kwa sababu ya duka hilo hatukufika jengo la Jingwu kwenye bustani ya Zhongshan, lililokuwamo kwenye ratiba. Iliniuma, maana Jingwu, chama kilichoanzishwa Shanghai 1910, ndicho kilichoitoa kungfu kwenye siri za ukoo kikaifanya somo la wazi, wanawake wakiwemo.

Dukani nilinunua chupa moja hata hivyo. Ni pombe ya kuchulia, jina lake lina maana ya kuanguka na kupigwa, ndiyo dawa waliyokuwa wakiuza kina Wong. Mama yangu ana goti. Bei waliyoanzia na bei niliyolipa haviko wilaya moja, kwa hiyo usione haya kukaza.

Nampa kiongozi nyota tano, kampuni tatu. Ukienda, chukua pasipoti, ondoka Guangzhou mapema, na kabla ya kulipa waandikie kwamba duka hulitaki na Jingwu unaitaka. Wakikataa, omba wakupe mama huyo kwa nusu siku tu, mkae naye pale jukwaani.