Maktaba ya M-Pesa iliyoachwa bila mwenyewe: uzoefu wangu

Ninayoizungumzia ni maktaba (msimbo ulioandikwa tayari ili wengine wautumie) ya Node, yaani JavaScript ya upande wa seva, ya kuunganisha tovuti yako na Daraja, ile huduma ya Safaricom inayowawezesha waandaaji programu kupokea malipo ya M-Pesa. Si mali ya Safaricom. Iliandikwa na mtu binafsi kwa muda wake, akaiweka GitHub na npm, mahali waandaaji programu wanapogawana msimbo, kila mtu achukue bure. Jina lake silitaji, maana nyuma yake yupo mtu mmoja tu na sitaki aamke akute watu wamejaa kumtukana. Anayeitumia ataitambua kwa dalili.

Kwanza nimpe haki yake. Anayeingia Daraja kwa mara ya kwanza hutoka jasho. Uombe tokeni (kibali cha muda cha kutuma maombi), uchukue namba ya paybill, uiunganishe na ile passkey (ufunguo wa siri) uliyopewa pamoja na tarehe na saa ya sasa, uvigeuze vyote kuwa base64, yaani namna ya kuandika data kwa herufi za kawaida, hapo ndipo unapata nenosiri la kutuma ombi moja. Maktaba hii inakuondolea usumbufu huo wote. Unaweka funguo zako, unataja namba ya simu na kiasi, na mteja anaona simu yake ikimwomba PIN. Kwenye mazingira ya majaribio ilikubali bila ubishi, na msimbo wake unasomeka vizuri kuliko nyingi nilizowahi kufungua.

Matatizo yalianza duka lilipokwenda hewani. Mzee niliyemtengenezea anauza vipuri vya pikipiki. Akanipigia: "Kijana wangu, kuna mama hapa anataka kulipa, mtambo wako unamwambia namba yake si sahihi. Na mimi nimetoka kuongea naye kwa namba hiyo hiyo!" Nikaomba anisomee namba yenyewe. Ilianza na 0110.

Nikafungua msimbo wa maktaba na sikuhitaji kutafuta sana. Kuna mstari mmoja unaokagua namba ya simu, na unakubali tu inayoanza na 2547 (yaani 07 ikiandikwa kwa namba ya nchi ya Kenya) na kufuatiwa na tarakimu nane. Namba za 01 zilianza kutolewa Kenya mwaka 2019, na toleo la mwisho la maktaba hii limetangulia hapo. Siku mstari ule ulipoandikwa haukuwa na kosa lolote. Laini za simu za mkononi zilikuwa za 07 basi. Ubaya ni kwamba namba inakataliwa ndani ya seva yako kabla ombi halijatoka, kwa hiyo ukienda kutazama kumbukumbu za upande wa Daraja huoni chochote. Ni wanunuzi wanaondoka kimya kimya, na mwenye duka anadhani siku hizi biashara ni mbaya.

Dalili ya pili ni ya tokeni. Tokeni ya Daraja inaishi sekunde 3,600, yaani saa moja. Maktaba inaiomba mara moja programu inapowaka, inaiweka, na haiulizi tena. Ukiwa kwenye majaribio hutaligundua hilo, kwa sababu unazima na kuwasha kila baada ya dakika chache. Kwenye duka halisi malipo yanapita vizuri kwa saa moja, kisha kila ombi linakataliwa mpaka mtu aiwashe upya seva. Katika ukurasa wa malalamiko wa mradi huo kuna aliyeshauri uipangie seva ijizime na kujiwasha kila dakika hamsini. Nilicheka, kisha nikaona watu chungu nzima wamemshukuru.

Yapo na mengine madogo. Imejengwa juu ya maktaba nyingine, request, ya kutuma maombi ya mtandao, kwa hiyo kila ukiisakinisha npm inakuonya kwamba umebeba kitu kilichostaafishwa.

Lakini hitilafu peke yake zisingenifanya niandike. Leseni yake, ya MIT, inasema wazi kuwa unapewa kitu kama kilivyo, bila dhamana, na sijamlipa mtu shilingi. Kinachonikera ni ukimya. Marekebisho ya namba za 01 yalishatumwa na mtu mwingine, mstari mmoja tu, yako pale hayajaguswa. Ya tokeni vilevile. Chini yake watu wameuliza kwa upole kama mradi bado upo hai, hawakujibiwa. Na juu kabisa ya ukurasa bado pameandikwa kwamba michango inakaribishwa. Ni duka lenye mlango wazi na taa zinawaka, wateja wamepanga foleni, mwenyewe alishahamia mji mwingine.

Hiyo request niliyoitaja haikufanya hivyo. Watunzaji wake waliitangaza rasmi kuwa imefika mwisho Februari 2020, ingawa ilikuwa ikitumiwa kila kona ya dunia. Moment, ile ya tarehe, mwezi Septemba mwaka huohuo nayo ilisema haitaongezewa mambo mapya, ikawaelekeza watu kwenye Luxon na Day.js. Ukisoma tangazo kama hilo unaudhika jioni moja, kesho yake unapanga kuhama.

Wapo wanaosema amkabidhi funguo yeyote anayejitolea, yaishe. Hapo mimi nasita, hasa kwa kitu kinachogusa pesa za watu. Mtunzaji wa xz, programu ya kubana mafaili, alikuwa mtu mmoja aliyeelemewa, watu wasiojulikana wakawa wanamsukuma aongeze msaidizi, na msaidizi aliyepatikana, aliyejiita Jia Tan, ndiye aliyepenyeza mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Uligunduliwa Machi 2024 kwa sababu tu Andres Freund alishangaa kuona SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali, ikichelewa kwa takriban nusu sekunde. Mrithi asiyejulikana ananitisha kuliko mradi uliokufa.

Mimi nimeshaiondoa. Tangu Node 18 fetch, ya kutuma maombi ya mtandao, imo ndani, na kwa duka la kawaida unahitaji mambo matatu tu: kuomba tokeni, kutuma ombi la malipo, kuuliza limefikia wapi. Yote yameingia kwenye faili moja fupi. Kama wewe bado unaitumia, jaribu leo kulipa kwa namba ya 0110, halafu iache seva saa moja na nusu ujaribu tena.

Kwa mwenyewe, kama anasoma: GitHub ina kitufe cha kuufunga mradi ukabaki wa kusomwa tu, na npm ina amri moja ya kumwonya kila anayesakinisha. Havihitaji kurekebisha hata mstari mmoja. Kwa sasa natoa nyota mbili kati ya tano. Hivyo viwili vikifanyika, ya tatu naiongeza.