Kozi ya Kihispania mtandaoni: kulinganisha safi, hisia bado

Kozi hii niliilipia kwa sababu ya masomo mawili: kulinganisha vitu na kueleza hisia. La kwanza nalisifu bila kusita.

Mwalimu anarudia "más" (zaidi) mpaka iingie kichwani, na msemaji wa Kiswahili anahitaji hasa hilo. Sisi tukisema "Ana ni mrefu kuliko Luis", kuliko inamaliza kazi. Kihispania kinadai "más" kabla ya sifa: "Ana es más alta que Luis". Ikifuata namba, "que" inaipisha "de": "más de veinte alumnos" (wanafunzi zaidi ya ishirini). Zoezi la sauti nililolipenda linakupa taarifa mbili, Marta ana dada wawili, Pablo ana wanne, kisha unaziunganisha kwa mdomo. Kwanza "Pablo tiene más hermanas que Marta", halafu unageuza: "Marta no tiene tantas hermanas como Pablo" (Marta hana dada wengi kama Pablo). Hiyo "tantas" inafuata jinsia na wingi wa nomino (tanto dinero, tanta paciencia, tantos libros), na aliyekulia akisema "vitabu vingi" lakini "maswali mengi" anaidaka haraka.

Somo la hisia limenivunja moyo. Ni orodha ndefu ya kukariri, "me alegra" (inanifurahisha), "me molesta" (inaniudhi), "me sorprende" (inanishangaza), "me da miedo" (inanitia hofu), na kanuni yenyewe imepewa mstari mmoja: baada ya "me alegra que" kitenzi huingia kwenye subjuntivo, umbo kama "uje" badala ya "unakuja". Basi. Hapo ndipo palipotaka muda! Umbo hilo si geni kwetu kwenye matakwa: nataka uje, "quiero que vengas". Lakini "nafurahi kwamba upo" kwetu ni taarifa ya kawaida, wakati Mhispania anasema "me alegra que estés aquí", ingawa uko mbele yake na hakuna shaka yoyote. Mwanafunzi asiyeelezwa kwamba hisia ndiyo inayoamua umbo la kitenzi ataendelea kusema "estás", umbo la taarifa ya kawaida. Wameacha pia jambo jepesi kabisa: anayefurahi akiwa ndiye mtendaji, "que" haihitajiki, "me alegra estar aquí" (nafurahi kuwa hapa) inatosha.

Kama unatoka hatua ya A2, yaani ngazi ya pili ya wanaoanza lugha, ilipie kwa ajili ya kulinganisha. Kwa hisia, tafuta mtu wa kuzungumza naye, akusahihishe kila unaposema "me alegra que".