Yoti kubwa kuliko zote duniani, kwa jicho la fundi jenereta wa Moshi

Niseme mapema kabisa mtu asije akanishushua, sijawahi kupanda yoti, zile boti za starehe za matajiri. Chombo kikubwa nilichowahi kupanda majini ni boti ya Zanzibar na nilitapika toka tumeacha bandari ya Dar mpaka tunafunga kamba Malindi, kwa hiyo mambo ya vitanda na makochi ya ngozi msiniulize. Mi ni fundi majenereta, niko Njoro hapa Moshi, na hii rivyu imetokana na ubishi. Dogo ninayefanya naye kazi alikuwa anaangalia video za yoti za matajiri mchana kweupe huku pampu ya mtu iko wazi mezani, nikamwambia we dogo zima hiyo simu, akasema fundi njoo kwanza uone hii. Nikaenda kuona. Pampu tumeirudia saa kumi jioni.

Sasa hawa jamaa wanazipanga kwa urefu, na kwa urefu mbabe anajulikana, Azzam, meta 180, imetengenezwa na Lürssen wa Ujerumani na ikakabidhiwa 2013 kwa Sheikh Khalifa bin Zayed wa Abu Dhabi ambaye sasa ni marehemu. Ukitaka kupata picha ya hizo meta, chukua ile MV Mwanza ya kule ziwani, Hapa Kazi Tu, ina meta 92 na pointi, ziweke mbili zifuatane, hapo ndo unaizidi Azzam kidogo tu. Ila MV Mwanza moja inabeba abiria 1,200 na mizigo yao na magari. Azzam inalaza wageni 36, na wafanyakazi kama 80 wa kuwahudumia. Haya.

Kilichonifanya nivute stuli ni injini. Ina dizeli mbili na turbaini za gesi mbili, yaani injini za aina ya ndege, jumla nguvu za farasi 94,000, dogo akasema sawa ila hiyo ni ngapi kwa umeme, nikapiga kwenye kikokotoo inakuja megawati 70. Aisee. Kwa wasiojua, haya maji yetu yanayoshuka Kilimanjaro na Meru, Kikuletwa sijui Ruvu, yote yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu pale mtambo unatoa megawati 8, yanateremka mpaka Hale kuna mwingine wa 21, halafu yanafika New Pangani Falls ambayo ndo baba lao, megawati 68. Yaani mtambo mkubwa kuliko yote kwenye mto mzima na mlima wake haujafikia injini za boti ya mtu mmoja anayeenda kupunga upepo. Nilikaa kimya kidogo hapo.

Na haina pangaboi la kuning'inia chini, inafyonza maji na kuyatema kwa nguvu nyuma, ndo maana inaweza kuingia hata kwenye maji mafupi na bado inakimbia zaidi ya kilomita 55 kwa saa, jengo lenye uzito ule. Ufundi nawapa heshima zote. Ila turbaini ya gesi naijua tabia yake, ni nyepesi, ina nguvu za ajabu, na inakunywa kama mtu aliyetoka kwenye matanga. Nyota nne, ya tano nimeinyima kwa sababu ya mafuta.

Eclipse, meta 162 na nusu, Blohm+Voss ya Hamburg wameikabidhi 2010, ya Roman Abramovich. Ina sehemu mbili za helikopta, ina nyambizi yake ndogo, na ina bwawa la kuogelea ambalo sakafu yake inapanda juu mnacheza mziki hapo hapo mlipokuwa mnaogelea. Dogo alipiga makofi. Mi nikamwambia kila kitu kinachopanda na kushuka kwenye maji kina sili, kina bomba la haidroliki, na kina siku yake ya kugoma, na itakuwa ni siku wageni wameshavaa viatu. Nyota tatu.

Dubai, meta 162, hii nimeipenda kwa historia tu. Ilianzwa 1996 kwa ajili ya Prince Jefri wa Brunei, 1998 kazi ikasimama, ikaja kununuliwa na Dubai ikamaliziwa 2006. Wachaga tunaielewa hii, ni ile nyumba ya kihamba inayojengwa kila Disemba mwenyewe akishuka toka Dar, anaanza huyu anamalizia mwingine. Injini sikupata la kusema.

Sasa Dilbar ndo ilitugombanisha. Ina meta 156 tu, dogo akataka kuipita, nikamwambia subiri, urefu sio ukubwa. Ukipima kwa ujazo wa ndani Dilbar iko karibu tani 15,900, hizi ni tani za kupimia ujazo sio uzito, wakati Azzam iko elfu 13 na kitu, ni sawa na kusema fulani mrefu lakini huyu mfupi ndo kifua. Bwawa lake lina meta 25. Mfumo wake ndo wa kwetu kabisa, majenereta ya dizeli yanazalisha umeme, umeme ndo unazungusha mota za kuisukuma, jumla kilowati 30,000. Nikasema hii ningekuwa na hela ningenunua hii.

Halafu tukasoma kwamba 2022 ilizuiliwa Hamburg kwa sababu ya vikwazo vya vita vya Ukraine, iko kwenye matengenezo tu, ikakaa.

Wenye magari hamuwezi kuelewa hii inauma vipi. Mwaka jana nililetewa jenereta toka hoteli moja njia ya Marangu, la kVA 60, safi nje, rangi haijachunika, mwenyewe anasema fundi hili halijafanya kazi hata kidogo yaani ni jipya. Miaka miwili halijawashwa! Nikafungua filta ya hewa panya amezaa humo, dizeli kwenye tanki imekuwa kama uji wa ulezi, valvu mbili zimeganda, ringi zimeshikana na silinda. Bili ilipita ya jenereta linalopiga kazi kila siku, na mzee akalalamika kwamba namlia hela yake. Shikamoo mzee kama unasoma hapa.

Ndo hivyo hivyo huko. Wenye biashara ya yoti wana hesabu yao, kila mwaka weka pembeni asilimia kama 10 ya bei ya chombo kwa ajili ya kukitunza na kulipa watu, kwa hiyo yoti ya dola milioni 500 inakula milioni 50 hata kama mwenyewe hajaikanyaga. Nyota ya Dilbar naiacha wazi mpaka nione imewashwa.

Namba moja yangu haiko hata kwenye tatu bora. Inaitwa El Mahrousa, ya serikali ya Misri, meta kama 145, ilijengwa London 1865. Elfu moja mia nane sitini na tano jamani. Ilikuwepo mfereji wa Suez ukifunguliwa 1869, ilimbeba mfalme Farouk akienda uhamishoni 1952, na 2015 ilipita tena kwenye upanuzi mpya wa Suez kwa miguu yake yenyewe. Najua ni ya stimu sio dizeli, dogo kashanisema, ila miaka 150 ya kubadilishiwa vyuma na bado inaitika. Nyota tano.

Tatizo kila picha niliyoipata ni ya saluni na mapazia. Mwenye picha za chumba cha injini cha Mahrousa anitumie tafadhali, hata kama zimefifia.