Sabuni ya Unga Yenye Vimeng'enya: Je, Inafaa kwa Ufuaji wa Mombasa?

Sabuni hii ya unga, niliyoinunua katika duka la jumla karibu na Marikiti, imeandikwa kwenye pakiti kwamba ina vimeng'enya, yaani protini zinazovunjavunja uchafu, vinavyofanya kazi katika maji baridi, na baada ya kuitumia kwa nguo za nyumba nzima nimeridhika kwamba dai hilo ni la kweli.

Niliipima kwa kanzu nyeupe iliyomwagikiwa kuku wa kupaka, doa gumu kwa kuwa lina mafuta ya nazi, wanga wa wali na rangi ya manjano kwa pamoja. Niliiloweka katika beseni la maji ya bomba yasiyopashwa moto. Mafuta na wanga vilitoka kwa kufikicha kidogo tu, lakini manjano ilipogusana na sabuni iligeuka nyekundu, jambo linaloweza kumtisha asiyejua kwamba hivyo ndivyo inavyobadilika katika kitu chochote chenye asili ya magadi. Vimeng'enya hivi haviiwezi rangi hiyo. Iliyobaki baada ya kusuuza ilififia juani, kanzu ilipoanikwa.

Nyuma ya pakiti hii kuna sayansi ya kuheshimiwa. Mwaka 2018 Frances Arnold wa Marekani alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kuviendeleza vimeng'enya maabarani, kizazi baada ya kizazi, akichagua vilivyo bora, na leo njia hiyo hutumika pia kuboresha vimeng'enya vya sabuni. Faida yake kwa hali ya hewa ni ya wazi: wanaofua kwa mashine hutumia sehemu kubwa ya umeme kupashia maji moto. Kwetu sisi tunaofua kwa mkono, aliyezoea kuchemsha maji ya mashuka anaweza kuokoa makaa yake, na kwa kweli inambidi, kwa sababu maji yanayochemka huviharibu vimeng'enya hivyo.

Ninalolilalamikia ni dai la pakiti kwamba sabuni "huondoa virusi", bila maelezo zaidi. Sabuni hupasua utando wa mafuta unaovizunguka virusi kama vya korona, lakini virusi vya rota, vinavyowaharisha watoto, havina utando huo na ni sugu zaidi. Mama mwenye mtoto anayeharisha anastahili kuambiwa hivyo, tena kwa Kiswahili, pamoja na kuonywa kwamba jiki hailowekwi pamoja na sabuni hii, kwani nayo huviua vimeng'enya.

Bei imepita ile ya sabuni ya kipande, ila kiasi kidogo hutosha beseni zima. Nitaendelea kuinunua kwa kanzu, leso na mashuka. Shali za hariri nitazifua kwa sabuni nyingine, kwa kuwa kimeng'enya kinachovunja protini ya damu na jasho hakiibagui protini ya hariri wala ya sufu, na pakiti haisemi neno juu ya hilo.